Vita dhidi ya malaria vijijini: Nani anawahesabu mbu?

Na Mwandishi Wetu

SAA moja jioni, giza linapoanza kufunika mashamba ya mpunga ya Bonde la Kilombero mkoani Morogoro, kazi moja isiyo na kelele huanza katika baadhi ya nyumba za vijijini. Mtego mdogo wenye taa, feni na betri hutundikwa kando ya kitanda, upande wa miguu ya mtu aliyelala ndani ya chandarua. Mbu hufuata harufu ya aliyelala, taa humvuta, feni humnyonya, naye hubaki kifungoni hadi asubuhi. Saa moja asubuhi mtego hufunguliwa. Dume hutengwa na jike, mbu anayeeneza malaria hutengwa na yule anayeeneza matende, kisha tarakimu huandikwa katika fomu.

Kwa mpita njia, kazi hiyo yaweza kuonekana kama mchezo. Mbu wamejaa kila mahali, na mwenye nyumba anajua hivyo bila kuhitaji fomu. Hata hivyo, katika tarakimu hizo ndimo ilimofichika tofauti kati ya nchi inayopambana na malaria kwa macho mawili na nchi inayopambana nayo ikiwa imejifunga kitambaa usoni.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Vyandarua, dawa za kupulizia ukutani na dawa za kuua viluwiluwi ni mali, tena ya gharama kubwa. Daftari lake ni hesabu ya mbu. Swali ambalo makala haya yanajaribu kulijibu ni nani analishika daftari hilo, na itakuwaje siku mwenye kalamu akiondoka.

Hapana ubishi kwamba mafanikio yamepatikana. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2007 na 2008 ulionyesha kuwa takriban asilimia 18 ya watoto wa Tanzania Bara wenye umri wa miezi sita hadi 59 walikuwa na vimelea vya malaria. Kufikia uchunguzi wa mwaka 2022, kiwango hicho kilikuwa kimeshuka hadi asilimia nane. Lakini wastani wa taifa huficha mengi. Katika uchunguzi huo huo wa 2022, Mkoa wa Tabora ulikuwa na kiwango cha asilimia 23, wakati mikoa kadhaa ya kaskazini ilikuwa chini ya asilimia moja. Nchi ni moja, mbu ni tofauti.

Duniani kote, Shirika la Afya Duniani (WHO) lilikadiria kuwa mwaka 2023 watu milioni 263 waliugua malaria na 597,000 walifariki dunia. Asilimia 95 ya waliofariki walikuwa katika Kanda ya Afrika ya shirika hilo, na wengi wao walikuwa watoto wa chini ya miaka mitano.

Silaha kubwa iliyotumika ni chandarua chenye dawa. Watafiti walikadiria mwaka 2015 kuwa kati ya wagonjwa milioni 663 walioepushwa barani Afrika tangu mwaka 2000 kutokana na hatua mbalimbali za kudhibiti ugonjwa huo, asilimia 68 waliepushwa na chandarua. Ni ushindi mkubwa. Lakini chandarua kilifaulu kwa sababu kiliundwa kumkabili mbu mwenye tabia fulani: anayeingia ndani, anayeuma usiku wa manane, na anayekufa akigusa dawa. Mbu huyo akibadilika, chandarua hakitatoa taarifa. Atakayetoa taarifa ni yule anayewahesabu.

Kuhesabu si kuorodhesha vichwa

Ni vema msomaji akaelewa kwanza nini hasa kinachohesabiwa, kwa maana wengi hudhani kuwa wingi wa mbu ndio wingi wa malaria. Sivyo.

Anayeuma ni mbu jike peke yake, kwa kuwa anahitaji damu ili kukomaza mayai. Anayeambukiza malaria ni jike wa jamii ya anofelesi, na hata huyo si kila mmoja. Mbu akinyonya damu yenye vimelea, huchukua takriban siku kumi hadi 14 kabla vimelea hivyo havijakomaa na kufika katika tezi za mate. Mbu wengi hufa kabla ya siku hizo kutimia. Kwa hiyo anayeua si mbu kijana, bali ni mbu mzee aliyesalimika.

Kutokana na hali hiyo, hesabu kamili inajibu maswali manne: mbu ni wangapi kwa usiku mmoja, ni wa aina gani, wameishi muda gani, na wangapi kati yao wamebeba vimelea. Swali la kwanza linaweza kujibiwa na mwanakijiji aliyefundishwa siku chache. Mengine yanahitaji hadubini na maabara, kwa sababu baadhi ya aina za mbu zinafanana kiasi kwamba hata mtaalamu mwenye uzoefu hawezi kuzitofautisha kwa macho, mpaka apime vinasaba.

Tanzania si mgeni katika elimu hii. Wilayani Muheza, mkoani Tanga, wataalamu Gillies na Wilkes walipasua maelfu ya mbu, mmoja mmoja, na kuchunguza mifuko ya mayai ili kujua umri wao. Matokeo yao, yaliyochapishwa mwaka 1965, yamebaki kuwa rejea kwa wanasayansi wa dunia nzima. Ni jambo la kujivunia kwamba sehemu kubwa ya kile ambacho dunia inakijua kuhusu maisha ya mbu wa malaria ilijulikana kwanza katika vijiji vyetu.

Swali ni kama vijiji hivyo vyenyewe viliwahi kuambiwa.

Historia inafundisha

Kati ya mwaka 1955 na 1959, nyumba za eneo la Pare na Taveta, katika mpaka wa Tanganyika na Kenya, zilipuliziwa dawa aina ya dieldrin katika mradi mkubwa wa majaribio. Aina ya mbu iitwayo Anopheles funestus, ambaye hupenda damu ya binadamu na hupumzika ndani ya nyumba, karibu atoweke kabisa. Lakini waliokuwa wakikusanya mbu waliona jambo la kushangaza: mbu wanaofanana naye waliendelea kupatikana. Walipochunguzwa kwa makini, ilibainika kuwa ni ndugu yake, Anopheles rivulorum, ambaye hutegemea zaidi damu ya ng'ombe.

Fikiria ingekuwaje kama wakusanyaji wale wangehesabu vichwa tu. Wangetangaza kuwa dawa imeshindwa, ilhali ilikuwa imefaulu. Hiyo ndiyo faida ya kwanza ya daftari: humzuia mtu kuitupa silaha inayofanya kazi.

Faida ya pili ni kinyume cha hiyo, na ilionekana Afrika Kusini. Mwaka 1996, Jimbo la KwaZulu-Natal liliacha kutumia DDT na kuanza kupulizia dawa za kundi la pairethroidi, ambalo ndilo pia linalotumika katika vyandarua. Kufikia mwaka 1999, Anopheles funestus, ambaye alikuwa hajaonekana nchini humo kwa miaka mingi, alikamatwa akitoka hai ndani ya nyumba zilizopuliziwa dawa. Alikuwa amejenga usugu. Mwaka 2000 Afrika Kusini iliandikisha wagonjwa zaidi ya 60,000, idadi ambayo haikuwa imeonekana kwa miongo kadhaa. Serikali ilirudisha DDT, na wagonjwa walipungua.

Funzo la KwaZulu-Natal linaumiza. Usugu haukuanza siku ile wagonjwa walipojaa hospitalini. Ulianza kimyakimya, kizazi hadi kizazi cha mbu. Idadi ya wagonjwa ni habari ya jana. Mbu ndiye habari ya kesho.

Kilombero: adui aliyebadili sare

Kwa Tanzania, mfano ulio wazi zaidi ni Bonde la Kilombero lenyewe, ambako Taasisi ya Afya Ifakara, yenye mizizi yake katika maabara ndogo ya miaka ya 1950, imehesabu mbu kwa miongo kadhaa.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990, katika Kijiji cha Namawala, mkazi mmoja alikadiriwa kuumwa na mbu wenye vimelea zaidi ya mara 300 kwa mwaka, maana yake karibu kila usiku. Vyandarua vikaenea, nyumba zikaboreshwa, mji ukapanuka. Utafiti uliochapishwa mwaka 2018 ulionyesha kuwa katika mji wa Ifakara maambukizi yalishuka kwa zaidi ya asilimia 99 kati ya mwaka 2000 na 2015. Anopheles gambiae halisi, aliyekuwa mbabe wa bonde zima, karibu atoweke.

Lakini vijijini malaria haikuisha, na daftari la mbu ndilo lililoeleza sababu. Katika mitego ya vijijini, aliyejaa zaidi alikuwa Anopheles arabiensis, ambaye huridhika pia na damu ya ng'ombe na huuma hata nje ya nyumba. Kwa macho, huyo ndiye aliyestahili kuitwa adui. Maabara ikasema vingine. Utafiti uliofanyika katika vijiji vya bonde hilo na kuchapishwa mwaka 2017 ulibaini kuwa Anopheles funestus, ingawa alikuwa mchache, ndiye aliyehusika na zaidi ya asilimia 80 ya maambukizi. Huyo huyo wa Pare na Taveta, huyo huyo wa KwaZulu-Natal. Tena alikuwa na usugu mkubwa dhidi ya pairethroidi.

Habari hiyo ni mbaya, lakini imebeba habari njema ndani yake. Tofauti na wenzake ambao huzaliana katika kila kidimbwi kinachoachwa na mvua, funestus hupendelea maji yanayodumu muda mrefu: vijito vinavyotiririka polepole, chemchemi ndogo na mabwawa ya asili yasiyokauka upesi. Watafiti waliochapisha matokeo yao mwaka 2020 waliyachora makazi hayo katika vijiji vya Kilombero na Ulanga. Maeneo ya namna hiyo si mengi, hayahamihami, na yanaweza kutafutwa wakati wa kiangazi. Kwa maneno mengine, adui hatari zaidi ndiye aliye rahisi zaidi kufuatwa nyumbani kwake, endapo kuna anayejua nyumba yake ilipo.

Hapo ndipo inapokuja hoja ya kiwanda cha Kibaha. Serikali ilijenga mkoani Pwani, kwa teknolojia ya Cuba, kiwanda cha kutengeneza viuadudu vya kibaiolojia vya kuua viluwiluwi, kilichozinduliwa mwaka 2015. Mwaka 2017 Rais wa wakati huo, John Magufuli, aliziagiza halmashauri zote nchini kununua dawa hizo. Agizo lilikuwa na nia njema. Lakini dawa ya viluwiluwi si mvua inyeshayo kila mahali. Isipojulikana ni maji yapi yanayomzaa mbu mwenye vimelea, halmashauri yaweza kumwaga lita nyingi katika mitaro iliyojaa mbu wa kero tu, huku kijito kilicho nyuma ya mashamba kikiachwa kiendelee kuzaa mauti.

Hoja hiyo inagusa vyandarua pia. Katika jaribio lililofanyika wilayani Misungwi, mkoani Mwanza, na kuchapishwa mwaka 2022, chandarua kilichochanganywa pairethroidi na dawa nyingine iitwayo klofenapiri kilipunguza wagonjwa wa malaria miongoni mwa watoto kwa asilimia 44 katika miaka miwili, kikilinganishwa na chandarua cha kawaida. Mwaka uliofuata WHO ilipendekeza kitumike. Lakini ni ghali kuliko cha kawaida, na mbu anaweza kuizoea dawa hiyo pia. Kijiji kipi kipewe kipi? Bila kuhesabu na kupima mbu, jibu la swali hilo ni bahati nasibu.

Kalamu ya kuazima

Sasa tuje katika kiini cha tatizo. Sehemu kubwa ya hesabu ya mbu vijijini, hapa nchini na kwingineko Afrika, imekuwa ikifanywa na miradi. Mradi una mwanzo, una mwisho, na una mwenye fedha. Unapokuwepo, mitego huwashwa, vijana hulipwa posho na gari huja kila wiki. Unapokwisha, betri husahaulika katika kona ya ofisi, na mfululizo wa tarakimu hukatika mahali ambapo pengine ndipo ungeonyesha mabadiliko.

Januari 2025, Serikali ya Marekani ilisitisha misaada yake ya nje, na Julai 1 mwaka huo Shirika la Misaada la Marekani (USAID) lilifungwa rasmi. Shirika hilo ndilo lililoongoza Mpango wa Rais wa Marekani wa Kudhibiti Malaria ulioanzishwa mwaka 2005, ambao Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi tatu za kwanza kunufaika nao. Mpango huo ulifadhili vyandarua, upuliziaji wa dawa ukoko majumbani katika Kanda ya Ziwa, na pia ufuatiliaji wa mbu na usugu wao katika nchi nyingi za Afrika.

Si nia ya makala haya kumlaumu aliyetoa. Aliyekusaidia miaka 20 anastahili shukrani. Lakini mwenye nyumba asiyejua idadi ya milango yake mpaka mgeni amhesabie, siku mgeni akiondoka na daftari ajilaumu mwenyewe. Fedha zinapopungua, vyandarua na dawa za wagonjwa hupewa kipaumbele, na ni haki iwe hivyo. Kinachokatwa kwanza ni kile kisicho na mgonjwa anayelia mlangoni. Hesabu ya mbu ni ya namna hiyo. Ikikatwa leo, hakuna atakayelia leo.

Na wakati huo huo adui mpya anabisha hodi. Anopheles stephensi, mbu wa asili ya Asia Kusini na Uarabuni, aligunduliwa Djibouti mwaka 2012. Mwaka huo nchi hiyo iliandikisha wagonjwa 27 tu wa malaria. Mwaka 2020 iliandikisha zaidi ya 73,000. Mbu huyo huzaliana katika matangi, mapipa na madumu ya kuhifadhia maji, na hivyo hastawi kwa mvua peke yake. Alibainika Ethiopia mwaka 2016, na mwishoni mwa mwaka 2022 alibainika katika Kaunti ya Marsabit, kaskazini mwa Kenya. Aliyembaini hakuwa daktari aliyempima mgonjwa, bali waliokuwa wakikusanya mbu na viluwiluwi. Wakati wa ukame ndoo na pipa ndivyo huwa kisima cha familia nyingi vijijini. Nani atamtambua stephensi akiwasili, kama hakuna anayefungua pipa na kutazama?

Je, wanakijiji wanaweza?

Wapo wanaosema kuwa kazi hii ni ya wasomi, na kwamba mwanakijiji hawezi kuaminiwa na tarakimu. Ushahidi unasema tofauti.

Nchini Zambia, katika wilaya za vijijini za Luangwa na Nyimba, wakazi waliofundishwa waliachiwa mitego waiendeshe wenyewe. Utafiti uliochapishwa mwaka 2014 ulionyesha kuwa, ingawa mitego yao ilikamata mbu wachache kuliko ile ya timu ya wataalamu, ilionyesha vilevile msimu na mahali ambapo maambukizi hupanda, tena kwa gharama ndogo. Jijini Dar es Salaam, mpango wa kudhibiti malaria mijini ulioanza mwaka 2004 uliwatumia wakazi wa mitaa kukagua mazalia, wakifuata mipaka ya mashina ya nyumba kumi ambayo kila balozi anaifahamu.

Katika Bonde la Kilombero, watafiti waliwaomba wanavijiji waonyeshe katika ramani maeneo wanayoamini yana mbu wengi, kisha wakatega mitego. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2016 yalionyesha kuwa makadirio ya wanavijiji yaliendana na mitego. Nchini Rwanda, katika Sekta ya Ruhuha, wananchi wa kujitolea walitengeneza mitego yao kwa chupa za plastiki, wakitumia sukari na hamira kutoa hewa inayomvuta mbu.

Ni kweli zipo dosari, na hazifai kufichwa. Anayelala na kusahau kuwasha mtego anaweza kujaza fomu kwa kubuni. Dawa yake ni ukaguzi wa ghafla, na timu ndogo ya wilaya inayorudia kutega katika nyumba chache zilizoteuliwa kwa kura, ili tarakimu zilinganishwe. Aidha, kazi ya kujitolea ina kikomo. Mtu anayekesha kwa ajili ya taifa hawezi kulipwa kwa makofi. Na ule mtindo wa zamani wa mtu kukaa miguu wazi usiku kucha akisubiri mbu watue ili awakamate, ambao watafiti huusimamia kwa kumpatia mhusika vipimo na dawa za kinga, haufai kabisa kuachiwa vijiji. Mitego ipo, na itumike.

Dosari kubwa kuliko zote, hata hivyo, haiko kwa mwanakijiji. Iko kwa anayepokea fomu. Mbu hukusanywa kijijini, hupimwa maabara, matokeo huchapishwa kwa lugha ya kigeni katika jarida ambalo ofisa afya wa kata hajawahi kuliona, na mama aliyeruhusu mtego utundikwe chumbani mwake hapati hata neno moja. Akija mtafiti wa pili na wa tatu, mama huyo huanza kuuliza kama mbu wake wanauzwa. Swali hilo si la ujinga. Ni swali la mtu aliyetoa kitu na hakurudishiwa kitu.

Nini kifanyike

Januari 31, 2024, Makamu wa Rais wa wakati huo, Dk. Philip Mpango, alizindua mpango wa kitaifa wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii, uliolenga kuwafundisha na kuwaajiri zaidi ya wahudumu 137,000 katika kipindi cha miaka mitano. Hiyo ndiyo nafasi ya kulirudisha daftari mikononi mwa mwenye mali.

Si lazima kila kitongoji kiwe na mtego. Vijiji vichache vilivyochaguliwa kwa makini katika kila halmashauri, mhudumu mmoja aliyefundishwa, mitego miwili au mitatu, na usiku kadhaa za kutega kila mwezi, mwaka hadi mwaka, vitaeleza mengi kuliko mradi mkubwa wa miaka mitatu unaokufa. Katika jambo hili, mfululizo una thamani kuliko wingi. Mbu waliokaushwa wapelekwe katika maabara za taasisi zetu za utafiti, ikiwamo Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu na ile ya Ifakara, ambazo zina wataalamu na uzoefu wa kutosha.

Gharama yake iwe katika bajeti ya halmashauri, si katika ahadi ya mfadhili. Halmashauri inayonunua dawa ya viluwiluwi bila kutenga fedha ya kujua dawa hiyo imwagwe wapi na imefanya kazi kiasi gani, ni sawa na mkulima anayenunua mbegu na kukataa kununua jembe.

Mwisho, na hili ndilo muhimu kuliko yote, matokeo yarudi kijijini. Sheria ya nchi inautaka mkutano mkuu wa kijiji ukutane kila baada ya miezi mitatu, na humo husomwa mapato na matumizi. Kuna ugumu gani kusoma, baada ya mapato, hesabu ya mbu? Kwamba robo hii mtego wa kitongoji cha mtoni ulikamata mara tano ya mtego wa kitongoji cha shuleni. Kwamba mbu wa kijito fulani wamekutwa na vimelea. Kwamba dawa ya vyandarua vilivyogawiwa mwaka juzi haiwaui tena kama zamani. Mwananchi aliyesikia hayo hatahitaji kulazimishwa kufyeka kingo za kijito wala kufunika pipa. Na diwani aliyesikia hayo mbele ya wapiga kura hatasahau kuulizia bajeti.

Mbu hana mradi, hana mwaka wa fedha, wala hasubiri mfadhili arudi. Kila jioni huamka na kuingia kazini. Amekuwa akiwahesabu watoto wetu kwa muda mrefu, mmoja baada ya mwingine, na hesabu yake haikosei. Wakati umefika nasi tumhesabu yeye, kwa kalamu yetu wenyewe.